Ndumakuwili ni nyoka gani hasa? Na huyu wa mchangani asiye na sumu, mkia wake ni wa kazi gani?

#1 Mgunga_Mkavu
Wakuu, salaam. Naweka dai, mlipasue.

Yule nyoka mfupi mnene wa nchi kavu, rangi ya chungwa yenye mabaka ya kahawia, tumbo jeupe, anayejifukia mchangani akabakiza macho na ncha ya pua, ndiye ndumakuwili halisi. Kitaalamu ni Eryx colubrinus, boa wa mchangani (boa ni jamii ya nyoka wanaokaba mawindo). Yupo Misri, Sudan, Ethiopia, Somalia, Kenya upande wa kaskazini na mashariki hadi Tsavo, na kaskazini mwa Tanzania. Hana sumu hata tone. Jike hufika sentimita 80 au 90 akizidi sana, dume ni mdogo, nusu ya hapo au zaidi kidogo.

Jina limetokana na mkia: mfupi, butu, umefanana na kichwa, ndiyo maana wahenga wakasema anauma kuwili. Swali langu ni moja. Mkia ule wa kazi gani?

#2 PanyaBuku
Nilidhani ni uzi wa siasa. Ndumakuwili ninaowajua mimi wanavaa suti.

#3 Sepetu
Mleta mada, mambo matatu kabla hatujafika kwenye mkia.

Kwanza, mkia butu kabisa, wa mviringo kama kidole gumba, ni wa ndugu yake wa India, Eryx johnii. Huyo ndiye ukimtazama haraka hujui pa kuanzia. Wetu ana mkia mfupi mnene unaochongoka mwishoni, wenye magamba magumu ya kukwaruza. Ukipitisha kidole kuanzia kiwiliwili kwenda mkiani unahisi ulaini unaisha na msasa unaanza.

Pili, macho. Yule mwenye macho juu kabisa ya utosi ni wa Uarabuni, Eryx jayakari. Wetu macho yake yapo kando ila yamepanda juu kiasi, madogo, mboni ya kusimama kama ya paka.

Tatu, huyu ni boa, si mtoto wa chatu. Watu wengi wanamuua wakisema "tumemuwahi kabla hajakua". Hakui zaidi ya hapo. Chatu hutaga mayai na kuyazungushia mwili. Boa wetu huzaa vitoto hai, mara nyingi kati ya vinne na ishirini, kila kimoja sentimita 20 hivi, na kinajitegemea siku hiyo hiyo.

#4 Mgunga_Mkavu
Nimekubali la mkia na la macho. Asante mkuu. Ila swali linabaki, tena limekuwa gumu: kama mkia wetu si butu hivyo, mbona bado anautumia kama kichwa?

#5 Kichuguu
Kujikinga, hakuna kingine. Akibanwa anajiviringisha, kichwa anakificha katikati ya mzingo, mkia anauacha juu. Ndege au nguchiro akidonoa, anadonoa pale penye magamba magumu na mfupa, si kwenye ubongo. Uzi ungeweza kuishia hapa.

#6 Laga_Kavu
#5, usiufunge bado. Maelezo hayo yana nguvu kwa johnii. Kwa nyoka anayeshinda siku nzima chini ya mchanga, adui anayemdonoa mkia ni nani?

Mimi nauona mkia kama nanga. Nyoka wa kuchimba husukuma kwa pua, na ukisukuma mbele mchanga legevu unakurudisha nyuma. Magamba yale ya msasa hushika ukuta wa njia, kiwiliwili kinajivuta na kujinyoosha, pua inaingia. Ndiyo maana ukali wa magamba upo nyuma pale na si mgongoni kote.

#7 Binti_Mchanga
#6, kama ni nanga, mbona wachimbaji wengine hawana? Wapo nyoka wengi wa mchangani wenye magamba laini mwili mzima, wanateleza tu kama samaki majini.

Kuna maelezo ya tatu. Wanyama wanaochimba huelekea kufupisha mkia kwa sababu mkia mrefu ni mzigo ndani ya shimo. Mkia mfupi mnene utafanana na kichwa chembamba kisicho na shingo, utake usitake. Kufanana kwenyewe huenda si "kazi" ya chochote. Macho yetu ndiyo yanaona kichwa cha pili.

#8 Kichuguu
Na kule kuuinua na kuuchezesha akisumbuliwa? Macho yetu pia?

#9 Binti_Mchanga
Kuuinua ni tabia, umbo ni jambo jingine. Umbo laweza kuja kwa sababu moja, kisha tabia ikalitumia kwa sababu nyingine.

#10 Mzee_wa_Magamba
Niongeze la nne. Yupo boa mdogo wa Amerika Kaskazini, Charina bottae, mwenye mkia butu vilevile. Yeye huingia kwenye kiota cha panya kula vichanga, na mama panya akirudi anakuta mkia mlangoni, anautafuna huku nyoka akiendelea kula. Wengi wao wakubwa mkia umejaa makovu. Boa wetu naye hula panya wachanga chini ya ardhi. Kwa hiyo adui anayeulizwa na #6 huenda si ndege juu ya ardhi. Huenda ni mama mwenye nyumba.

Lakini kumbukeni: kovu la mkiani halisemi nani aliuma. Na yule wa Amerika haishi mchangani, anaishi misituni na kwenye baridi. Si vyema kumhamisha na tabia zake zote.

#11 PanyaBuku
Kwa niaba ya ukoo wetu, tunathibitisha kwamba mama anauma.

#12 Msumari
Wakuu, mnajadili mkia huku mmepitwa na kosa kubwa la bandiko #1. "Ndumakuwili halisi." Jina hilo si la nyoka mmoja. Watu hulitumia kwa nyoka wasiopungua watatu, na mmoja wao anaua.

Wa kwanza ni huyu boa.

Wa pili ni nyoka kipofu, jamii ya Typhlops. Anang'aa kama kamba ya viatu iliyopakwa mafuta, magamba ya tumboni na mgongoni ni sawasawa, macho ni nukta mbili chini ya gamba, mkia una kijimwiba. Anakula mchwa na siafu na mayai yao. Hana madhara. Huyu ndiye wengi wanaofukua vichuguu na mashamba humwita ndumakuwili, maana kweli hujui mbele wala nyuma.

Wa tatu ni Atractaspis. Mweusi au kahawia iliyoiva, anang'aa, kichwa kidogo kisicho na shingo, mkia mfupi unaoishia kwa mwiba. Naye huishi ardhini, hutoka usiku hasa baada ya mvua. Meno yake ya sumu ni marefu na hutokea pembeni ya mdomo bila kuufungua, anachoma kwa kurudisha kichwa nyuma na kando. Ule mtindo wa kumshika nyoka nyuma ya kichwa haumfai huyu. Ukimshika hivyo tayari jino limeingia kidoleni. Maumivu makali, uvimbe, nyama kufa, watu hupoteza vidole, na baadhi ya spishi zake zimeua. Dawa ya kuzuia sumu inayomfaa haipo, hospitali hutibu dalili.

Sasa mtu akisoma "ndumakuwili hana sumu" halafu akamfukua wa tatu?

#13 Mgunga_Mkavu
Hilo sikulifikiria. Nitarekebisha #1.

#14 Sepetu
#12 yupo sahihi. Ila hata hao wa pili na wa tatu wanatofautishwa na boa bila kuwagusa. Boa hang'ai kama kioo. Ana mabaka yenye kingo zisizonyooka, na rangi ya chungwa au manjano katikati yake. Unene wake ni wa kidole gumba au mpini wa jembe kwa jike mkubwa, huku urefu ukiwa mdogo. Atractaspis na nyoka kipofu mara nyingi wana rangi moja.

Hatari halisi ya kumchanganya boa si hao. Ni kifutu mdogo na yule nyoka wa mazulia, Echis, wa kaskazini mwa Kenya. Wote wana mabaka, wote ni wafupi, wote hujilaza mchangani.

#15 Laga_Kavu
Hapo kwa Echis, tazama na usikilize. Huyo hujipinda mizingo ya nusu duara inayosuguana, magamba ya ubavuni yana meno kama msumeno, yanatoa mlio wa kukwaruza kama kikaango kilichomwagiwa maji. Kichwa kimejitenga na shingo wazi. Kifutu yeye ana kichwa kipana bapa, mistari ya V mgongoni inayoelekea mkiani, na hupuliza. Boa hasuguani, hapulizi kwa kishindo, hana shingo. Akisumbuliwa anataka kitu kimoja tu: kuzama.

#16 Kijiti
Kwa hiyo nikiona hana shingo ni salama?

#17 Msumari
HAPANA. Atractaspis hana shingo. Soma #12 tena, polepole.

#18 Kijiti
Haya mwalimu.

#19 Mzee_wa_Magamba
Kanuni ya kawaida inatosha: mabaka, kung'aa, mlio na umbo ni vya kutazama kutoka mita mbili au tatu. Ukishindwa kuamua, mchukulie ana sumu. Akiwa ndani ya nyumba, toa watoto na wanyama, ziba upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa, mwache mtu mmoja amtazame asipotee, ita wanaojua kuwatoa. Kwa Kenya ni KWS, shirika la wanyamapori.

Kama aliyeng'ata hajulikani ni nani: usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, ondoa pete na bangili kabla uvimbe haujaja, tuliza kiungo kama kilichovunjika, nenda hospitali. Picha ya nyoka kutoka mbali inasaidia, maiti yake si lazima. Kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma.

Akiwa ni boa kweli, anachofanya ni kugeuza kichwa ghafla kando na kukwaruza. Vijidonda vidogo vya mstari, damu kidogo. Maji na sabuni, na kuangalia chanjo ya pepopunda kama imepitwa.

#20 Mgunga_Mkavu
Turudi mchangani. Watu huandika "nyoka wa jangwani" halafu wanachora matuta ya mchanga. Kwa huku kwetu, anaishi wapi hasa?

#21 Laga_Kavu
Si kwenye matuta tu, na si jangwa lolote. Chukua Chalbi, kule Marsabit. Ni jangwa kwa jina na kwa joto, lakini sakafu yake ni kitako cha ziwa la kale, udongo mfinyanzi na chumvi. Pakikauka pana ugumu wa sakafu, pakinyesha ni tope. Pua haiingii. Mtafute pembeni, kwenye laga.

Laga ni mto wa msimu. Maji hupita siku chache kwa mwaka, yakiisha yanaacha mchanga uliochujwa, punje za ukubwa wa kati, legevu juu, unyevu chini. Kingoni kuna migunga, chini ya migunga kuna kivuli, mbegu, panya na mijusi. Boa anapata vyote ndani ya hatua chache: mchanga wa kujifukia, mashimo ya panya ya kushinda, chakula kinachopita juu ya kichwa chake. Nje ya laga utamkuta chini ya mawe bapa na magogo penye udongo wa kichanga, vichaka vya nusu jangwa, hata mashamba ya nchi kavu.

#22 Binti_Mchanga
Nakuunga mkono, na joto ndilo linaeleza kwa nini. Saa saba mchana uso wa mchanga mtupu unaweza kupita nyuzi 55. Hapo nyoka anakufa kwa dakika chache. Ukishuka kina cha mkono mmoja, joto limeshuka sana na halibadiliki haraka, usiku na mchana karibu ni sawa. Kwa hiyo hahitaji kusafiri kutafuta kivuli. Anapanda na kushuka sentimita kadhaa, basi. Asubuhi na jioni yupo karibu na uso, mchana yupo chini au ndani ya shimo la panya, jua likizama anatoa macho na pua anasubiri.

#23 Kijiti
Anapumuaje huko chini? Si mchanga utamjaa puani?

#24 Sepetu
Mambo mawili tofauti. Kuingia mchanga: tundu za pua ni nyembamba kama mkato wa wembe, na taya la chini ni fupi, limejikunja ndani ya la juu kama droo iliyofungwa, kwa hiyo mdomo hauchoti mchanga anaposonga mbele. Gamba la ncha ya pua ni pana, lina ukingo, ndilo sepetu lenyewe (jina langu si bahati mbaya).

Hewa: mchanga mkavu legevu, zaidi ya theluthi ya ujazo wake ni nafasi kati ya punje. Hewa ipo, na nyoka aliyetulia anatumia kidogo.

#25 Mzee_wa_Magamba
Hewa ipo, ila tatizo si hewa. Tatizo ni kupanua kifua. Ukivuta pumzi mbavu zinasukuma mchanga, ukitoa mchanga unajaza nafasi, pumzi ijayo ni nzito zaidi. Wapo wanaosema anapumua kwa kusogeza upande wa tumbo tu, akijitengenezea uwazi chini yake. Wapo wanaosema hashindi amezama kabisa, daima pua ipo juu au yupo ndani ya shimo lenye uwazi. Mimi naelekea la pili, kwa sababu akifukuliwa mchana mara nyingi yupo chini ya jiwe au kwenye shimo, si katikati ya mchanga uliomshika pande zote.

#26 Sepetu
Na wale wanaofukuliwa mchangani kabisa, bila shimo?

#27 Mzee_wa_Magamba
Wapo. Ndiyo maana nimesema naelekea, sikusema nimefika.

#28 Kichuguu
Basi hii ndiyo sababu hutokeza baada ya mvua! Maji yanajaza zile nafasi, hewa inakwisha.

#29 Binti_Mchanga
Au mchwa wenye mabawa wanatoka, mijusi wanawafuata, boa anawafuata mijusi. Au uso umepoa, anaweza kutembea mapema. Mvua inaleta yote matatu kwa saa moja, utayatenganishaje?

#30 Kichuguu
Dada, wewe kila nikijenga unang'oa mlango.

#31 Mgunga_Mkavu
Swali la kuua. Anakaba au anavuta chini ya mchanga?

#32 Sepetu
Anakaba, kama boa wote. Hung'ata kwa pembeni, haraka mno kwa nyoka anayeonekana mzembe, kisha mzingo mmoja au miwili. Akikosa nafasi ya kuzungusha, hubana mawindo kwenye ukuta wa shimo kwa mwili. Na ile hadithi ya kwamba mawindo hukosa pumzi: utafiti wa 2015 kwa boa wa Amerika na panya ulionyesha mzunguko wa damu ndio unaokatika kwanza, ndani ya sekunde chache.

#33 Laga_Kavu
Kumvuta chini nako huonekana. Ila huenda anajificha tu na mlo wake asinyang'anywe.

#34 Nyumba_ya_Kioo
Nimesoma kimya, niongeze upande wa wanaofugwa, maana boa huyu hufugwa sana Ulaya na Marekani, wengi wakiwa wamezaliwa humo humo. Kwa Kenya, kabla mtu hajapata mawazo: sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali, na biashara ya kimataifa ya jamii yote ya Eryx ipo chini ya Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Ufugaji unafundisha kuhusu makazi yake kuliko picha. Makosa matatu yanayorudiwa:

Mchanga mfupi. Ukimwekea sentimita tatu hajifukii, anazunguka usiku kucha akisugua pua kwenye kioo mpaka gamba la pua linachubuka. Anataka kumi au zaidi.

Joto kutoka chini. Watu huweka mkeka wa joto chini ya tangi. Kwa nyoka wengine ni sawa, wakichomeka wanapanda. Huyu akihisi joto limezidi anafanya anachofanya kule kwenye laga: anachimba chini. Chini ndiko kuliko na moto. Anaungua tumbo akitafuta ubaridi. Lazima themostati (kidhibiti joto), na kipimo chake kikae sakafuni chini ya mchanga, si ukutani. Upande wa joto nyuzi 32 hadi 35, upande wa baridi 25 hivi.

Unyevu. Mchanga mzima ukilowa, magamba ya tumbo huanza kuoza. Ukikauka kabisa, anajivua gamba vipande vipande, na mabaki yanabaki machoni na ncha ya mkia. Dawa ni kulowesha kona moja ya chini tu, juu pabaki pakavu, kama laga ilivyo.

Chakula: panya mmoja asiyezidi unene wa mwili wake, kila siku kumi hadi kumi na nne kwa mkubwa. Madume hususa miezi kadhaa, hasa msimu wa kupandana, bila kukonda.

#35 Binti_Mchanga
#34, asante. Swali: ile ncha ya mkia, gamba likikwama pale, inakauka na kukatika?

#36 Nyumba_ya_Kioo
Hutokea. Gamba kavu linakaza kama uzi uliofungwa kidoleni, damu haifiki, ncha inakuwa nyeusi na kudondoka. Baada ya hapo mkia unakuwa butu kweli kweli.

#37 Mzee_wa_Magamba
Mmeona? Mkia wenye kovu mwingine, na hakuna mama panya wala ndege.

#38 Laga_Kavu
#36, na waliopoteza ncha, wanachimba polepole zaidi? Hilo lingepima nanga yangu.

#39 Nyumba_ya_Kioo
Wanachimba. Polepole au la, sidhani kuna mfugaji anayeshika saa. Dume aliyekatika ndiye mwenye shida, mkia wake unahitajika kumshika jike. Na kwa anayeuliza dume ni yupi: mkia wake ni mrefu kidogo, na kando ya tundu la haja ana vikucha viwili vinavyoonekana, mabaki ya miguu.

#40 Kichuguu
Subirini. Sasa tuna kazi ya tano ya mkia.

#41 PanyaBuku
Kukinga, nanga, bahati mbaya, mlango wa nyumba, ndoa. Huo mkia una kazi nyingi kuliko mimi.

#42 Kijiti
Wakuu, nimetumiwa picha kutoka shambani, wamegeuza jiwe baada ya mvua ya jana. Mweusi anang'aa, sentimita 50 hivi, mkia mfupi una mwiba, amekunja shingo amebandika pua ardhini. Wanasema ni ndumakuwili, kijana anataka kumtoa kwa mkono.

#43 Msumari
Piga simu SASA, asimshike. Pua ardhini na shingo iliyokunjwa ni dalili ya Atractaspis. Wasogee, wasimrudishie jiwe juu yake kwa mkono, wamwachie njia aende. Mleta mada, ulisema utarekebisha #1.

#44 Mgunga_Mkavu
Nimejaribu, muda wa kuhariri umepita. Mod, tafadhali badilisha neno "halisi" kwenye bandiko la kwanza, na kichwa kiseme boa wa mchangani.

#45 Kijiti
Ameacha. Wamesimama mbali, nyoka ameingia chini ya shina. Asanteni.